Kama yale ya plastiki

Picha niliifunga kwa kanga kuukuu, nikaipakata kwenye basi kutoka Dar es Salaam hadi Tanga kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu. Basi likiruka tuta, mkono wangu unatangulia kuikinga picha kabla sijakumbuka kichwa changu. Ilikuwa kanvasi ya sentimita 40 kwa 50, rangi za akriliki. Bogenvilia ya mbele ya nyumba ya Shangazi, ile iliyoparamia ukuta wa upande wa barabarani, na haibiskasi mbili nyekundu pembeni yake.

Miezi miwili nilikuwa nikiichora usiku baada ya kazi, kwenye meza ya chakula, watoto wameshalala.

Shangazi alivaa miwani. Akaishika picha, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akaisogeza mbali tena.

"Maashallah," akasema. "Yamependeza, mwanangu. Utadhani yale yangu ya plastiki."

Kisha akainuka, akasukuma kidogo chombo cha maua ya plastiki kilicho juu ya kabati la televisheni, akaiegemeza picha yangu ubavuni mwake. Akarudi nyuma hatua mbili kuangalia vilivyokaa. Akaridhika. Akanimiminia chai.

Chai ile niliinywa kwa tabu.

## Afadhali angenitukana

Tusi lina majibu yake. Mtu akikuambia picha yako mbaya unaweza kununa, unaweza kusema hajui sanaa, unaweza kumcheka kimoyomoyo ukaendelea na yako. Lakini Shangazi alinisifu, tena kwa moyo mweupe. Maua yale ya plastiki ndiyo pambo lake la heshima. Kila Ijumaa asubuhi huyatia kwenye beseni la maji na sabuni ya unga, akayasuuza, akayaning'iniza kichwa chini kwenye kamba ya nguo, na yakishakauka huyarudisha kwenye chombo moja moja. Ni mawaridi kumi na mawili. Kila waridi lina matone mawili matatu ya gundi iliyoganda, eti umande.

Hayo matone ndiyo yaliyonichoma zaidi, kwa sababu na mimi nilitia umande.

Nilijifunza kwenye video. Unapiga kivuli chembamba chini ya tone, unang'arisha upande mmoja, unamalizia na nukta nyeupe kwa ncha ya brashi ndogo kabisa. Nilitia matone manne kwenye petali moja la haibiskasi na niliyaonea fahari kuliko kitu kingine chochote katika picha nzima. Vivuli vya majani, kwa upande mwingine, nilivichora vimesimama wima chini ya majani yenyewe, jua likiwa utosini.

Umande wa saa saba mchana. Tanga.

Nilirudi Dar na ile sentensi sikioni. Wiki ya kwanza nilijiambia kwamba Shangazi ni mtu mzima, macho yamechoka. Wiki ya pili nikaifungua picha kwenye simu, nikawa naikuza kwa vidole kipande kwa kipande, nikitafuta jani moja tu lililoliwa na mdudu. Sikulipata. Barabara inayopita pale mbele ni ya vumbi, na wakati wa kiangazi bogenvilia yote hugeuka rangi ya unga wa ulezi. Kwenye picha yangu kila jani lilikuwa kama limetoka kuogeshwa. Tena majani yote kijani kimoja, kijani cha kwenye tyubu, vilevile kilivyotoka kifuniko kilipofunguliwa.

Wiki ya tatu nikaacha kuchora.

## Kumbe ni plastiki kweli

Kuacha kuchora hakukunizuia kusoma. Usiku mmoja nikageuza tyubu nikasoma maandishi ya nyuma, yale ambayo hakuna anayeyasoma, na kutoka hapo nikafuatilia mpaka nikaelewa nilichokuwa nikikinunua miaka yote mitatu.

Rangi ya akriliki ni unga wa rangi uliokorogwa pamoja na chembechembe za plastiki zinazoelea ndani ya maji. Maji yanapokauka, chembechembe zile husogeleana, zikashikana, zikawa ngozi moja. Ikishakuwa ngozi haiyeyuki tena kwa maji. Ndiyo maana brashi ukiisahau mezani ukaenda kupokea simu, ukirudi umeipoteza.

Paleti yangu ni sahani ya zamani ya melamini. Nilitia ukucha kwenye ukingo wa rangi iliyoganda, ikabanduka kipande kizima, kama utandu wa maziwa yaliyochemshwa. Nikaivuta. Ikavutika kama puto.

Shangazi hakukosea hata kidogo. Nilikuwa nimemchorea maua ya plastiki, kwa plastiki.

Niliwasimulia wenzangu ofisini kama kichekesho. Mmoja akauliza, "Si ungechora Tingatinga tu?" Hilo ni swali ambalo mtu yeyote anayeshika brashi katika mji huu ameshaulizwa, na kwa kawaida hulijibu kwa kuguna. Safari hii lilinipa faraja. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi ya makopo, ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Alichukua kilichokuwa dukani. Na hakuna mtu aliyewahi kuwaambia ndege wake kwamba wanafanana na baiskeli.

Kwa hiyo tatizo halikuwa rangi.

Faraja hiyo ilidumu siku tatu hivi. Kisha nikaona kwamba kama tatizo si rangi, basi tumebaki wawili tu, picha na mimi.

## Petali tano

Nikiri jambo ambalo nilitamani kuliruka. Ile bogenvilia sikuichora kutoka kwenye bogenvilia. Niliichora kutoka kwenye simu.

Nilikuwa nimeipiga picha haraka haraka nikiwa nimeshachelewa basi. Na kamera za simu hushindwa na rangi ile. Wekundu ule wa kizambarau unapokuwa mkali huijaza kamera mpaka haioni kitu kingine, mikunjo inapotea, mishipa inapotea, unabaki na bonge moja la pinki. Penye bonge mimi nikajazia kutoka kichwani. Na kichwani mwangu ua ni kitu chenye petali tano, kama tulivyochora shule ya msingi.

Bogenvilia yangu ina petali tano.

Wasomaji wenye bogenvilia nyumbani wameshacheka. Kile tunachokiita petali za bogenvilia ni majani, majani matatu yaliyobadilika rangi, membamba na makavu kama karatasi ya kufungia zawadi. Maua yenyewe ni vile vijiti vidogo vyeupe katikati, kila kimoja kimeegemea jani lake, na kikifunguka mdomo wake ni kama nyota ndogo isiyozidi ukucha wa mtoto. Mimi sikuchora hata kimoja. Nilichora maua mia moja na zaidi, yote hayana ua ndani.

Nimekulia kwenye nyumba ile. Shangazi ndiye aliyenilea. Bogenvilia ile imenichoma miiba nikifuata mpira, nikifuata paka, nikifuata mkono wa mtu aliyenipitishia barua ukutani. Kama ungeniuliza, ningekuapia kwamba naijua.

Kuhusu rangi yenyewe, hilo nalo lilinitesa vya kutosha. Nilikuwa nikichanganya nyekundu na buluu, kama kila mtu alivyofundishwa, na kinachotoka ni rangi ya maini. Nyekundu za bei rahisi nyingi zina umanjano ndani yake, na umanjano ukikutana na buluu unachafua kila kitu. Ukiongeza nyeupe ili kung'arisha, unapata pinki ya pipi. Mwishowe nilinunua tyubu moja ya magenta iliyoandikwa PR122 mgongoni, namba ya unga wake wa rangi, wa jamii iitwayo kwinakridoni. Rangi za jamii hiyo ziliingia sokoni mwaka 1958 na zilipata kazi kubwa kwenye kupaka magari. Tyubu moja ilikuwa na bei ya tyubu nne za kawaida. Nililipa nikiwa nimefumba macho.

Na hata hiyo haikuwa dawa mpaka nilipojifunza kuiacha. Ukiipaka nene inakuwa nzito, karibu nyeusi. Ukiitia nyeupe inakufa. Inataka ipakwe nyembamba, imezimuliwa, juu ya kanvasi nyeupe iliyokauka, ili weupe wa chini upenye kama mwanga unavyopenya kwenye lile jani lenyewe jua likiwa nyuma yake. Unapaka, unasubiri, unapaka tena pale tu penye kivuli. Kazi nzima ni kujizuia.

Hapa nisogee pembeni kidogo. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini. Umepewa jina la Louis-Antoine de Bougainville, baharia wa Ufaransa aliyezunguka dunia kati ya 1766 na 1769. Mtaalamu wa mimea katika msafara huo alikuwa Philibert Commerson, na msaidizi wake alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa kiume kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa katika meli za jeshi la majini la Ufaransa. Kila ninapoona watu wanapiga picha za harusi mbele ya bogenvilia namkumbuka mama huyo na kifua chake kilichofungwa kwa vitambaa.

Haya, turudi Tanga.

## Mchana nilichora plastiki

Nilichukua likizo ya siku tano. Shangazi nilimwambia nimemkumbuka, jambo ambalo ni kweli, ingawa begi langu lilikuwa na rangi nyingi kuliko nguo.

Siku ya kwanza nilikaa kwenye kigoda mbele ya ukuta saa nne asubuhi. Nilikuwa sijawahi kuchora nje na akriliki. Kuna upepo wa baharini pale ambao watu wa Tanga hawausikii tena, lakini rangi inausikia. Nachota rangi kwenye paleti, nanyanyua mkono, na kabla brashi haijagusa kanvasi rangi imeshaanza kuvuta. Nikiweka kando nichanganye nyingine, ya kwanza imeshakuwa ngozi. Nilimaliza brashi mbili kabla ya adhuhuri. Watoto wa jirani walisimama nyuma yangu kwa muda, wakachoka, wakaondoka bila kusema neno, na hilo peke yake ni uhakiki.

Siku ya pili nilijipanga. Nilichukua kontena la plastiki la chakula lenye kifuniko, nikatandika sponji iliyolowa, juu yake karatasi ya kuokea keki. Rangi ikikaa juu ya karatasi ile inanyonya unyevu taratibu kutoka chini na inabaki hai hata nusu siku. Nikawa na chupa ya kupulizia maji, ile ya saluni. Brashi zote kwenye kikopo cha maji, hata ile ninayoitumia ikipumzika sekunde kumi inarudi majini. Na nikaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijapata nguvu.

Kisha nikakutana na udanganyifu wake mwingine. Akriliki ikiwa mbichi ile plastiki yake ni nyeupe kama maziwa, kwa hiyo rangi inaonekana nyepesi. Ikikauka plastiki inakuwa wazi, na rangi inashuka, inazidi kuwa nzito. Nyekundu niliyoipenda saa moja asubuhi ilikuwa nyingine saa moja na robo. Nikalazimika kupaka kila mchanganyiko kwanza kwenye kipande cha kadibodi na kusubiri. Kwa haibiskasi niliacha kabisa kutumia nyeupe. Penye jua nilitia rangi ya chungwa, penye kivuli magenta, na kwenye koo la ua, pale panapoingia giza, magenta na kijani kidogo sana. Nyeusi niliiacha begini.

Jioni haibiskasi niliyokuwa nikiichora ilijikunja kama mwavuli. Asubuhi iliyofuata ilikuwa chini. Haibiskasi ya kawaida huishi siku moja, nami nilikuwa nimepanga kuimaliza kwa siku mbili.

Mchana jua lilinifukuza ndani. Nikakaa sebuleni nimeshika brashi, sina cha kuchora, ila chombo cha mawaridi ya plastiki juu ya kabati, na picha yangu ya petali tano ubavuni mwake. Kwa hasira, au kwa utani, sijui, nikaanza kuyachora yale ya plastiki.

Nilikuwa sijawahi kuyaangalia. Nusu ya upande wa dirishani ilikuwa imepauka, wekundu wote umeondoka, umebaki urujuani wa kijivujivu kama wa karatasi ya matangazo ya uchaguzi wa miaka iliyopita. Nusu ya upande wa ukutani bado nyekundu. Waridi moja lilikuwa na alama ya kuungua, huenda ubani ulisogezwa karibu. Shina moja limefungwa kwa uzi mweusi wa kushonea. Matone ya gundi yalikuwa yamegeuka manjano, kama ya samli.

Nikakumbuka kisa cha mawaridi ya Vincent van Gogh. Yapo Washington, aliyachora mwaka 1890, miezi michache kabla hajafa, na leo watu huyaona meupe. Aliyachora ya pinki. Ile rangi nyekundu aliyoitumia haikustahimili mwanga, ikaondoka kidogo kidogo mpaka ikabaki nyeupe iliyokuwa imechanganywa nayo. Kwa hiyo mchoro nao hunyauka, ila tu hauna haraka.

Nilichora mpaka alasiri. Na hapo ndipo nilipotatizika kabisa, kwa sababu ile picha ya maua ya plastiki ilitoka hai kuliko picha zote za maua halisi nilizowahi kuchora.

Sikuipenda hata kidogo habari hiyo.

## Nyuma ya nyumba

Siku ya tatu, saa kumi hivi, nilikuwa mbele ya ukuta nahangaika na bogenvilia. Shangazi akapita na sahani ya bati, ile nyeupe yenye ukingo wa buluu, akazunguka nyumba. Hakunitazama, wala bogenvilia hakuitazama. Nikakumbuka kwamba hupita hivyohivyo kila siku saa hizohizo, tangu nikiwa mtoto, na sahani hiyohiyo.

Nikamfuata.

Nyuma, kati ya karo la kufulia na ukuta wa jirani, ndiko iliko bustani yake, ingawa mgeni hawezi kupaita bustani. Kuna kichaka cha asumini kisicho na umbo. Kuna mirehani kwenye makopo ya maziwa. Na kuna mkilua mmoja, mti mfupi wa majani mengi ambao ukiupita haraka utasema ni mti tu. Mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipoutambulisha rasmi kwa wanasayansi mwaka 1970, aliiita jenasi yake nzima, yaani kundi lake la mimea, Mkilua, kama watu wa pwani walivyokuwa wakiuita siku zote. Jina la pili ni fragrans, yaani wenye kunukia. Halijagusia sura.

"Kilua kiko wapi?" nikauliza, maana sikuwa nikikiona.

Shangazi hakukitafuta kwa macho. Aliinua uso kidogo, akaugeuza upande mmoja, kisha mwingine, akapenyeza mkono chini ya majani akatoka nacho. Kijani kinachoelekea manjano, kimening'inia, rangi karibu sawa na jani lenyewe. Akakileta puani pangu.

Sitajaribu kueleza. Anayekijua anakijua.

Akaendelea na asumini. Huchuma tumba, hachumi ua lililofunguka. Anachagua zilizojaa, zenye ncha imeshaanza kulegea, ambazo zitafunguka zenyewe kuanzia magharibi. Kila moja anaigusa kwanza kwa kidole gumba. Nyingine anaziacha.

"Na yale ya mbele, Shangazi? Mbona huyachumi?"

"Yapi?"

"Bogenvilia."

"Aa, yale ya wapita njia." Akatupa tumba moja kwenye sahani. "Na mbuzi wasiingie."

Nilicheka. Kisha kicheko kikaniishia. Nilikuwa nimechukua miezi miwili na tyubu ya bei ya tyubu nne kuchora uzio wa mbuzi.

Lakini fikiria. Ni taarabu ngapi umezisikia zikimsifu mpenzi kwa asumini, kwa kilua, kwa waridi, kwa langilangi? Sijasikia bado mtu akimwita mahabubu wake bogenvilia. Kwetu ua huvaliwa, hutiwa kwenye kikuba likabanwa kifuani, hutungwa koja, humwagwa kitandani. Ua lina saa yake na lina pua yake. La kutazama tu lilikuwa ni jambo dogo, na nilipokwenda kujifunza kuchora, kwenye video za watu ambao maua yao hukaa kwenye chombo mezani, sikugundua kwamba nimebadilisha hata maana ya neno lenyewe.

Nilikuwa nimeichora nyumba iliyonilea kama inavyoonwa kutoka barabarani.

"Na ya plastiki?" nikauliza, maana hapo ndipo mwiba ulipokuwa.

"Ya plastiki yana nini?"

"Unayapenda."

"Hayanyauki. Hayaleti sisimizi ndani. Na mgeni akiingia anaona nyumba ina mtu. Wewe unataka yakufanyie nini tena?"

Tuliporudi mbele alisimama kwenye kanvasi yangu ya bogenvilia, ile mpya, yenye majani matatu matatu na vijiti vyeupe katikati. Nilisubiri. Akainama, akasogeza uso, akainusa.

"Inanukia gundi," akasema, akaingia ndani.

## Sahani

Usiku ule sikulala vizuri. Rangi haiwezi kunukia, na mchoraji anayejaribu kuchora harufu ataishia kuchora mistari ya moshi kama kwenye tangazo la sabuni. Nilifikiria kurudi Dar siku moja kabla. Nilifikiria pia kwamba pengine mimi si mchoraji wa maua, ni mtu anayependa rangi tu, na hakuna aibu katika hilo.

Siku ya nne alasiri nilimwomba Shangazi aniazime sahani kabla hajaanza kutunga.

"Saa moja tu," akasema. "Zitafunguka."

Niliiweka sahani kwenye ukingo wa karo, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kitu cheupe kimejaa kwenye kitu cheupe. Kwa akriliki hilo ni balaa, kwa sababu nyeupe tunayoitumia, titani, ni nzito na ya baridi kama chokaa, na ukishaitumia mwanzoni huna tena pa kupandia. Nikaifunga. Nikachanganya kijivu kutoka kwa buluu na rangi ya udongo, kimoja cha baridi kwa ajili ya sahani, kingine chenye joto kwa ajili ya matumba. Ukiangalia kwa muda, sahani ile ni ya buluu kabisa. Asumini zenyewe zina kijani penye shingo, na pale zinapolaliana kuna urujuani, na ncha zake zina kama maziwa yaliyotiwa tone la chai. Nyeupe halisi niliitumia mwisho, sehemu tatu tu.

Nilianzia kushoto. Nilipofika katikati ya sahani nilihisi kitu kimebadilika, nikadhani ni macho. Matumba ya kulia, ambayo sikuwa nimeyafikia, yalikuwa yameanza kuachia. Sikuyaona yakifunguka. Ni kama mtu anayesogeza kiti chake karibu nawe wakati wewe unaongea na mwingine. Nikayachora yalivyo. Nilipomaliza moja, jirani yake lilishakuwa ua.

Hapa nilisita. Mwanga nao ulishakuwa mwingine, wa chungwa, na kanuni inasema picha moja mwanga mmoja. Ningeweza kurudi kushoto nirekebishe, niyafungue yote, au nifunge ya kulia kwa kubahatisha. Brashi ilikuwa mkononi, rangi bado mbichi kwenye karatasi yake. Adhana ya magharibi ikaanza. Nikaichovya brashi majini.

Basi ile sahani, upande wa kushoto ni saa kumi na moja na upande wa kulia ni magharibi. Pembeni kabisa pana doa jeusi. Sisimizi alipanda kutoka kwenye karo, akakanyaga rangi mbichi, na nilipomgundua alishakuwa ndani ya plastiki. Nilijaribu kumtoa kwa ncha ya pini nikaona naharibu, nikamwacha.

Shangazi aliiona asubuhi ya siku ya tano, begi langu likiwa mlangoni. Alivaa miwani. Akaishika picha, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Hakusema maashallah. Alikaa nayo muda mrefu mpaka nikaanza kutazama saa ya basi.

Kisha akaweka kidole kwenye ukingo wa kushoto, juu ya tumba moja jembamba lenye kijani.

"Hili bichi," akasema. "Nani kalichuma hili?"

"Si wewe mwenyewe, Shangazi."

"Mimi?" Akaisogeza picha karibu na dirisha, akaliangalia tena. "Mimi sichumi hivi."